Msemaji wa kiongozi ajue kiasi gani? Uzi kuhusu kazi ya mshauri wa mawasiliano ya kisiasa

Mwanzisha uzi:

Ndugu zangu, nimewaandikia viongozi wa siasa taarifa na hotuba kwa miaka ya kutosha kuweza kuizungumzia kazi hii bila pupa. Vijana wengi wanaoitamani huniuliza wasome shahada gani, waanzie kwa mbunge au chamani, na malipo yake yakoje. Hayo yote yana majibu. Lakini swali linaloamua iwapo mtu atadumu katika kazi hii au ataondoka jina lake likiwa limechafuka ni jingine, nalo haliulizwi mara nyingi: je, mtu anayesema kwa niaba ya kiongozi anapaswa kujua kiasi gani cha yale yanayoamuliwa nyuma ya mlango?

Nianze na kisa ambacho ningependa kila anayeingia katika kazi hii asimuliwe siku ya kwanza. Tarehe 24 Oktoba 1983, mwandishi wa televisheni ya CBS, Bill Plante, alimuuliza Larry Speakes, msemaji wa Rais Ronald Reagan, kama ni kweli Marekani ilikuwa inajiandaa kukivamia kisiwa cha Grenada. Speakes hakuwa na habari yoyote. Alifanya kile ambacho msemaji makini hufanya, yaani alikwenda kuwauliza waliohusika na masuala ya usalama wa taifa, nao wakamjibu kwamba jambo hilo ni upuuzi na kwamba alikanushe kwa nguvu. Akakanusha. Siku iliyofuata, tangu alfajiri, majeshi ya Marekani yalikuwa yanaingia Grenada.

Speakes hakudanganya kwa maana ya kawaida ya neno hilo, kwa kuwa mwongo ni yule anayeujua ukweli kisha akasema kinyume chake. Yeye alitumwa uongo, kama mtu anavyopewa barua iliyofungwa aifikishe bila kuisoma. Hata hivyo, kwa waandishi waliokuwa mbele yake tofauti hiyo haikuwa na maana yoyote, kwa sababu mwandishi hapimi nia ya msemaji bali hupima kama neno lake linaweza kutegemewa kabla gazeti halijakwenda mtamboni. Baada ya siku ile, kila "hapana" aliyoitamka ilibeba kivuli cha Grenada. Naibu wake aliyeshughulikia habari za mambo ya nje, Les Janka, alijiuzulu kwa ajili ya jambo hilohilo.

Kisa cha pili ni cha Jerald terHorst, na hiki hunigusa zaidi. Alikuwa mwandishi wa habari aliyemfahamu Gerald Ford tangu mwaka 1948, Ford alipogombea ubunge kwa mara ya kwanza kutoka Michigan. Ford alipoapishwa kuwa rais tarehe 9 Agosti 1974, baada ya Richard Nixon kujiuzulu, alimteua terHorst kuwa katibu wake wa habari, na waandishi wakafurahi sana kwa sababu walikuwa wamechoshwa na miaka ya Watergate, kashfa iliyomwangusha Nixon, na sasa walikuwa wanaletewa mtu waliyemwamini. Wiki chache baadaye wakaanza kumuuliza kama kulikuwa na mpango wa kumsamehe Nixon. Kwa kutegemea alichoambiwa na wenzake wa Ikulu, aliwaongoza waandishi mbali na habari hiyo. Kisha akaarifiwa kwamba msamaha umeshaamuliwa. Tarehe 8 Septemba, siku uliyotangazwa, aliwasilisha barua ya kujiuzulu, akiwa hajamaliza hata siku 31 kazini. Katika barua hiyo alieleza kwamba dhamiri yake haikumruhusu kuutetea msamaha wa aliyekuwa mkuu wa nchi ilhali vijana waliokataa kwenda vitani Vietnam kwa sababu za dhamiri walikuwa hawajasamehewa.

Urafiki wa robo karne haukumpa kiti katika chumba ambamo uamuzi mkubwa kuliko yote wa mwezi ule ulifanyika. Ndiyo maana ninasema kwamba mtu anayepewa kazi hii apiganie kiti hicho kabla ya kupigania kitu kingine chochote. Cheo ambacho hakikuingizi katika kikao cha uamuzi kinakufanya kuwa kipaza sauti tu.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nimeusoma uzi wako kwa makini na ninakushukuru, lakini mfano mmoja unakwenda kinyume na hoja yako. Mwaka 1980 Jody Powell, katibu wa habari wa Rais Jimmy Carter, aliujua mpango wa siri wa kuwaokoa mateka wa Kimarekani walioshikiliwa Tehran. Jack Nelson wa Los Angeles Times alipomuuliza kuhusu uwezekano wa operesheni ya aina hiyo, alimdanganya kwa makusudi, siku chache tu kabla ya jaribio lile kushindikana jangwani. Yeye alikuwa na kiti unachokitaka, na bado alisema uongo. Kwa upande mwingine, Mike McCurry, msemaji wa Rais Bill Clinton mwaka 1998, alichagua kutomchimba bosi wake kuhusu sakata la uhusiano wake wa kimapenzi na Monica Lewinsky, kijana aliyekuwa akifanya kazi Ikulu, na aliondoka kazini bado akiheshimiwa na waandishi. Je, si salama zaidi kutojua?

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu, hoja yako ni nzito na sitaipita juujuu.

Kuhusu Powell, kwanza tukumbuke kilichokuwa hatarini. Neno moja lililoponyoka lingeweza kuwaua mateka na wanajeshi waliokuwa njiani. Na hata bila neno hilo kuponyoka, Wamarekani 8 walikufa katika jaribio lile. Powell hakujificha baadaye. Katika kumbukumbu zake alizochapisha mwaka 1984 alikiri waziwazi kwamba alidanganya na akaeleza kwa nini aliamini serikali ina haki ya kufanya hivyo katika nyakati chache sana. Mtu anaweza kukubaliana naye au kumpinga, lakini uamuzi ulikuwa wake, aliufanya akiwa anajua, na aliubeba mwenyewe. Speakes hakupewa hata nafasi ya kuamua, na hapo ndipo ninapouona udhalili wa kazi hii inapofanywa vibaya.

Zaidi ya hayo, anayejua ana njia ambazo asiyejua hana. Anaweza kunyamaza, kuahirisha, au kukataa kujibu. Hapa niseme jambo ambalo wengi hujifunza kwa kuchelewa: kukataa kujibu ni silaha inayofanya kazi kwa mtu aliyeizoesha tu. Ukiwa na desturi ya kukanusha kila uvumi usio wa kweli, kisha siku moja ukasema "siwezi kulizungumzia hilo," umeshathibitisha habari nzima, kwa kuwa waandishi wanakusoma kama mganga anavyosoma mapigo ya moyo. Msemaji anayejua kwamba siku moja ataulizwa kuhusu operesheni za kijeshi anapaswa kukataa kuzizungumzia tangu wiki yake ya kwanza, hata pale uvumi unapokuwa wa kipuuzi na kuukanusha kungekuwa rahisi, ili ukimya wake usije ukawa jibu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na mtu ambaye hajui ni wapi pa kunyamaza.

Kuhusu McCurry, ninakubali sehemu ya hoja yako. Msemaji si wakili. Mazungumzo yake na kiongozi hayana kinga ambayo mazungumzo ya wakili na mteja wake yanayo, na uchunguzi wa jinai ukianza anaweza kuitwa kueleza kila alichoambiwa. Kwa hiyo katika jambo linalohusu mwenendo binafsi wa kiongozi na lililoko mikononi mwa wachunguzi, kutouliza kunaweza kuwa busara, ilimradi msemaji awaachie mawakili waseme na yeye asithibitishe wala kukanusha asichokijua. Maafa huanza anapotoka nje ya mstari huo na kuweka neno lake mwenyewe rehani. Scott McClellan, msemaji wa Rais George W. Bush, alifanya hivyo mwaka 2003. Aliwaambia waandishi kwamba Karl Rove na Lewis Libby, wasaidizi wakuu wa Ikulu, hawakuhusika na kuvuja kwa jina la afisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa sababu wao wenyewe walimhakikishia. Kufikia mwaka 2005 ilikuwa wazi kwamba wote wawili walikuwa wamezungumza na waandishi kuhusu afisa huyo, na McClellan akawa anasimama kila siku mbele ya watu waliokuwa na maneno yake ya zamani mkononi. Alikuja kuyaeleza yote katika kitabu chake cha mwaka 2008.

Na kama mtu anadhani kutojua humfanya msemaji abaki msafi, amtazame Speakes tena. Mwaka 1988, akiwa ameshaondoka Ikulu, alikiri katika kumbukumbu zake kwamba wakati wa mkutano wa Reagan na Mikhail Gorbachev mjini Geneva mwaka 1985 aliwapa waandishi maneno ambayo Reagan hakuyasema, akayaweka kinywani mwa rais kwa kuamini kwamba ndiyo ambayo rais angeyasema. Kukiri huko kulimgharimu kazi nzuri aliyokuwa ameipata katika kampuni ya fedha. Mimi naamini mambo hayo mawili yana uhusiano, kwa sababu msemaji anayezoea kusema bila kujua hufika mahali ambapo kubuni hakumsumbui tena.

Mchangiaji wa pili:

Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi wa uandishi wa habari. Umesema kiti ndani ya chumba cha uamuzi ndicho cha kwanza kupiganiwa. Lakini tulipofundishwa kuhusu Alastair Campbell wa Uingereza tuliambiwa kwamba kosa lilikuwa kumpa kiti kikubwa mno. Unalisemeaje hilo?

Mwanzisha uzi:

Marahaba. Umeuliza kitu ambacho nimekitafakari kuliko kingine chochote katika kazi hii, kwa hiyo uniwie radhi nikienda polepole.

Campbell alikuwa mwandishi wa habari za siasa, kwa sehemu kubwa katika gazeti la Daily Mirror, kabla ya kujiunga mwaka 1994 na Tony Blair, kiongozi wa chama cha Labour aliyekuja kuwa waziri mkuu. Chama cha Labour kiliposhinda uchaguzi wa tarehe 1 Mei 1997 kwa wingi wa viti 179, alihamia naye Downing Street, ofisi ya waziri mkuu, akiwa katibu wa habari, na baadaye akawa mkurugenzi wa mawasiliano na mikakati. Aliingia katika vikao vya baraza la mawaziri. Tena, kwa amri maalumu iliyotolewa mwaka 1997, yeye na Jonathan Powell, mkuu wa watumishi wa Blair, walipewa mamlaka ya kuwaagiza watumishi wa umma, jambo ambalo washauri wa kisiasa hawakuwa nalo kabla ya hapo. Kwa hiyo kila ambacho Speakes na terHorst walikikosa, Campbell alikuwa nacho, na zaidi.

Mwezi Septemba 2002 serikali ya Uingereza ilikuwa inaandaa waraka wa kuueleza umma kuhusu silaha za Iraki. Rasimu ilikuwa chini ya John Scarlett, mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Ujasusi. Tarehe 17 Septemba, Campbell alimwandikia Scarlett maoni yake juu ya rasimu hiyo, hoja kwa hoja. Mojawapo ilihusu sentensi iliyosema kwamba jeshi la Iraki *huenda likaweza* kuziweka tayari silaha za kemikali au za kibiolojia ndani ya dakika 45 tangu amri kutolewa. Campbell alieleza kwamba neno hilo la mashaka ni dhaifu kuliko lililotumika katika muhtasari wa waraka huohuo. Scarlett alijibu kwamba lugha ya sehemu ile imekazwa. Waraka ulipotoka tarehe 24 Septemba, jeshi la Iraki *linaweza*.

Ukiipima kwa kanuni za uhariri, hoja ya Campbell haikuwa na kosa. Muhtasari ukisema hivi na mwili wa waraka ukasema vile, mhariri yeyote makini atauliza, na mimi mwenyewe nimeuliza hivyo mara nyingi. Lakini kutofautiana kwa aina hiyo kunaweza kuondolewa kwa njia mbili: kuukaza mwili ulingane na muhtasari, au kuulegeza muhtasari ulingane na mwili. Katika taarifa ya kijasusi, neno "huenda" ni sehemu ya ushahidi wenyewe, kwa kuwa linamweleza msomaji uzito wa kile walichonacho waliokusanya habari. Likiondolewa, ushahidi umebadilika hata kama hakuna tarakimu iliyoguswa. Siku iliyofuata, gazeti la The Sun lilikuwa na kichwa cha habari kilichowaweka Waingereza dakika 45 kutoka katika maangamizi, ilhali habari yenyewe ilihusu silaha za uwanja wa vita, si makombora ya masafa marefu. Mwezi Oktoba 2004, Waziri wa Mambo ya Nje Jack Straw aliliarifu Bunge kwamba idara ya ujasusi imeiondoa habari ile ya dakika 45.

Ni lazima niwe wa haki. Jaji Hutton, aliyechunguza mazingira ya kifo cha David Kelly, mwanasayansi aliyekuwa chanzo cha habari ya BBC kuhusu waraka huo, alitoa ripoti yake Januari 2004 na hakuona msingi katika tuhuma iliyotangazwa na BBC kwamba ofisi ya waziri mkuu iliingiza dai hilo huku pengine ikijua kwamba si la kweli. Scarlett alisimama imara kwamba waraka ulikuwa wake. Lakini Hutton mwenyewe alikubali kwamba huenda Scarlett na wanakamati wenzake waliathiriwa bila kujitambua na hamu ya waziri mkuu ya kupata waraka wenye nguvu. Nayo ripoti ya Lord Butler ya Julai 2004, iliyochunguza taarifa za kijasusi kuhusu silaha hizo, ikaeleza kwamba tahadhari zilizokuwamo katika tathmini za kijasusi hazikufika kwa wasomaji, na kwamba dai la dakika 45 halikupaswa kuwekwa bila kueleza lilihusu silaha za aina gani.

Sasa narudi kwenye swali lako. Mimi sioni kwamba kosa lilikuwa kiti. Kosa lilikuwa kukosekana kwa mpaka kati ya anayechagua maneno na anayepima ushahidi. Maoni ya mshauri aliye karibu na waziri mkuu kiasi kile hayafiki mezani kwa mtaalamu kama maoni, hata yakiandikwa kwa adabu zote. Yanafika yakiwa na uzito wa ofisi nzima. Mshauri anayejua hilo atauliza "ushahidi unaturuhusu kusema nini?" kisha atanyamaza asubiri jibu. Hatapendekeza jibu. Hiyo ni tofauti ya sentensi moja, nami nimeona watu wenye akili nyingi wakishindwa kuitunza, kwa sababu muda ni mfupi, mkutano na waandishi uko saa mbili mbele, na kila mtu chumbani anataka sentensi iliyonyooka.

Campbell alitangaza kuondoka tarehe 29 Agosti 2003. Kufikia hapo ugomvi wake na BBC ulikuwa umeshamfanya yeye mwenyewe kuwa habari ya ukurasa wa mbele, na msemaji akifika hapo hawezi tena kuifanya kazi yake, awe na hatia au asiwe nayo. Amri ile ya mwaka 1997 ilifutwa na Gordon Brown alipoingia madarakani Juni 2007.

Mchangiaji wa tatu:

Mkuu, mimi ni mwandishi wa habari kwa mwaka wa sita sasa. Nimeombwa na kiongozi mmoja niwe mshauri wake wa mawasiliano, na ninatakiwa kutoa jibu mwisho wa wiki hii. Nikikutana naye nimuulize nini?

Mwanzisha uzi:

Dada yangu, hongera kwa kuaminiwa. Usimuulize kuhusu cheo. Muulize utaingia katika vikao gani, na je, utaingia kabla ya uamuzi au baada yake. Muulize kama unaweza kumfikia bila kupitia kwa mtu mwingine saa yoyote kunapokuwa na swali la mwandishi linalohitaji jibu. Kisha muulize ni nani mwingine ana mamlaka ya kukuagiza ukanushe jambo. Akijibu kwamba msaidizi yeyote wa ofisi yake anaweza kukuagiza, jua kwamba siku yako ya Grenada iko njiani.

Kabla ya kukanusha jambo lolote, mtafute mtu anayelijua kwa macho yake, si aliyesimuliwa, na umuulize amejuaje. Andika jina lake, saa, na maneno aliyotumia. Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Niliwahi kukanusha kuwepo kwa kikao fulani kwa kutegemea neno la mkuu wangu mmoja ambaye hakuwa na habari kamili, na mwandishi niliyemwambia "hakuna kikao" alikuwa na rafiki aliyekuwa amekaa ndani ya kikao hicho. Nilimpigia simu jioni ileile nikamwambia nilikosea. Ilinichukua karibu mwaka mzima kabla hajanipigia tena kuniuliza kitu.

Kurekebisha mapema husaidia kweli. Rais Dwight Eisenhower alipougua ghafla mjini Denver tarehe 24 Septemba 1955, habari ya kwanza iliyotolewa ilikuwa kwamba amesumbuliwa na tumbo. Siku hiyohiyo ikatangazwa kwamba ni moyo. James Hagerty, katibu wake wa habari, alikimbilia Denver na kuanzia hapo akawamiminia waandishi maelezo ya hali ya mgonjwa kwa undani ambao haukuwa umezoeleka, hata daktari akazungumzia hadharani kama rais amepata choo. Soko la hisa la New York lilikuwa limeporomoka vibaya siku ya Jumatatu, na watu walihitaji kuamini kwamba wanaambiwa kila kitu. Hagerty alidumu miaka yote 8 ya utawala ule, na waandishi wa kizazi chake walimtaja kama kipimo cha kazi hii.

Jambo la mwisho ni la fedha, nalo ni zito ingawa halina fahari. Tenga akiba ya miezi kadhaa ya matumizi yako kabla ya kuanza, na usivunje uhusiano na chumba chako cha habari unapoaga. Mshauri ambaye kodi ya nyumba yake inategemea mshahara wa mwezi huu hawezi kumwambia kiongozi "hili silisemi." Asubuhi ile ya Septemba 1974, terHorst alipokwenda kwa Ford na barua yake, alikuwa na taaluma ya kurudia, na aliirudia: aliendelea kuandika safu kuhusu siasa za Washington kwa miaka iliyofuata, kwa jina lake mwenyewe.